Mafua yameondoka, homa imerudi: hapo usingoje

Mwezi wa saba Moshi haihitaji maelezo. Mlima umejifunika wiki nzima, manyunyu kila asubuhi, na sisi wa mitumba pale Memorial tunafungua mabelo tukiwa tumevaa masweta yaleyale ya kuuza. Mwaka juzi nilipata mafua makali: pua, koo, viungo kuuma. Siku ya kwanza tu nikapita duka la dawa, nikanunua amoksilini sita bila cheti. Nikameza siku mbili, nikapata nafuu, zilizobaki nikazifunga kwenye karatasi, nikaziweka kabatini.

Siku ya nne nilikuwa sokoni naita wateja. Siku ya sita usiku nikatetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Homa, halafu kichomi upande wa kulia. Kila nikivuta pumzi, kama shazia inapita katikati ya mbavu. Nikakohoa kwenye leso: makohozi yana rangi ya kutu. Mama mkwe, alikuwa ameshuka kutoka Kibosho, akaitazama ile leso akasema, "Mwanangu, haya si mafua tena." Nikamjibu nachemsha tangawizi. Siku nzima nikaipoteza hapo.

Picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Daktari alinieleza kwamba njia ya hewa ina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Kirusi cha mafua makali kinauchubua ukuta wa njia hiyo na vinyweleo vinashindwa kazi. Sasa kuna bakteria, hasa nimokokasi, ambao watu wengi, watoto zaidi, wanakaa nao puani bila kuumwa. Njia ikishaharibika, wanashuka mapafuni. Hata ile homa kuu ya mafua ya 1918, wengi iliowaua walikutwa na nimonia ya bakteria, na enzi hizo antibayotiki hazikuwepo.

Na vile vidonge vyangu? Kirusi hakifi kwa amoksilini. Kama vilifanya lolote, viliwabakiza bakteria wagumu.

Kwa hiyo siku hizi nahesabu siku. Mafua yakipungua halafu homa ikarudi, au kichomi kikaja, au pumzi zikakata, ni hospitali siku hiyohiyo. Mtoto namvua fulana akiwa ametulia, nahesabu pumzi dakika moja nzima kwa saa ya simu. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au chini ya mbavu panabonyea ndani, tunaondoka. Kichanga wa chini ya miezi 2 akibanwa na pumzi, usipoteze muda kuhesabu. Tazama pia kadi ya kliniki: chanjo ya nimokokasi inatolewa nchini tangu 2013. Na jiko la mkaa, jamani, hata kukiwa na baridi ya namna gani, lisilale chumbani na watoto.

Dozi ya hospitali niliimaliza yote safari hii. Sokoni nilirudi baada ya wiki tatu, na belo langu la masweta likakutana na jua.