Finishingi ya nyumba Mtwara: kabla hujaenda dukani, kazunguke mtaani kwanza

Tangu watu wajue nimehamia kwangu huku Mangamba simu haziishi, kila mtu anataka nimtumie picha ya sebule achague tailizi na rangi kama zangu. Picha natuma, ila jamani picha ya nyumba mpya haikusaidii kitu, nyumba yoyote ikiwa mpya inapendeza hata iliyopakwa hovyohovyo. Ukitaka kujua nini kinafaa kwa hali ya hewa yetu tafuta nyumba iliyokwisha kula mvua za miaka mitano sita, piga hodi, salimia, muulize mwenyewe alipaka nini na alipaka lini. Watu wa Kusini hawana hiyana, wengine watakuingiza mpaka chumbani uone dari lilivyovuja na fundi waliyemtumia watakutajia, kwa uzuri au kwa ubaya.

Mimi ndivyo nilivyofanya kabla sijanunua hata kopo la rangi. Jioni nazunguka Shangani kule karibu na bahari, wikiendi naenda upande wa Naliendele, na tofauti unaiona kwa macho tu. Kule Shangani chini ya kila dirisha kuna michirizi ya kutu imeshuka ukutani, bati limeanza kulika kwenye ncha pale lilipokatwa, bawaba za geti zimevimba. Ukisogea bara kidogo grili ya umri uleule bado nzima. Upepo wa chumvi huo. Kwahiyo kabla hamjaanza kubishana na mwenzio mambo ya krimu na kijivu, jiulize kwanza kiwanja kiko umbali gani na maji na kusi inakupiga upande gani, maana upande huo ndio utakaokula hela yako ya matengenezo kila mara.

Bati ndilo linaloamua mengine yote, kwa hiyo lianze. Rangi ya ukuta unaweza kubadilisha mwakani ukichoka, bati ndio umeoa. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ikishuka unene unapanda, na kuna wauzaji wanaishi mjini kwa sababu wateja hawajui hilo. Siku hizi mtindo ni bati jeusi au kijivu kizito, linapendeza kweli, lakini wewe unalijua joto la Mtwara la mwezi wa kumi na moja, rangi iliyokolea inavuta jua na dari likiwa chini chini utalala barazani. Mimi nilichukua rangi iliyopauka na sijutii. Halafu fundi akipanda juu na grainda kukatia bati mteremshe, atumie mkasi wa bati. Grainda inaunguza ile rangi ya kinga kwenye ncha, na zile cheche zinatua juu ya bati zinanasa, baada ya muda mfupi una madoa ya kutu kwenye paa jipya na hakuna wa kumlaumu. Skrubu ziwe zile zenye mpira, na asizikaze mpaka mpira ukapasuka.

Sasa kuna hili la kalenda ambalo naona ndilo linalowaumiza wengi. Hela ya kwetu inakuja na korosho. Minada inaanza Oktoba hivi, malipo yanaingia kuelekea mwisho wa mwaka, na mvua nazo ndio zinaanza na zitakaa mpaka Aprili. Sasa kila mtu Desemba ana hela, kila mtu anataka nyumba ing'ae kabla ya sikukuu, fundi wanagombaniwa, lipu imepigwa juzi haijakauka inapakwa wezagadi, ile rangi ya nje, juu yake na mvua inanyesha jioni. Ukipita mwezi wa nne ukuta una malengelenge na magamba, mtu anasema rangi feki. Rangi haina kosa. Lipu ya simenti inataka kumwagiliwa maji kama wiki nzima, halafu iachwe, wiki nne ni kipimo kizuri, ndipo upige praima, yaani rangi ya kwanza ya kutangulizia, inayostahimili ukali wa simenti, ndipo rangi. Kwahiyo hela ya msimu ukiipata nunua vitu ambavyo havizeeki stoo, tailizi, vitasa, waya, masinki, na endelea na kazi za ndani mvua ikinyesha. Rangi ya nje subiri kusi, Juni mpaka Septemba, kukavu, fundi wana nafasi na bei ya ufundi mnaelewana. Simenti usirundike, hata kama kiwanda cha Dangote kiko hapahapa mkoani, zaidi ya miezi mitatu kwenye unyevu wetu huu unaanza kuokota mabonge.

Na mchanga. Tafadhali usikubali mchanga wa ufukweni hata mwenye lori akikuapia umeoshwa na mvua. Chumvi inabaki ndani ya lipu, kila unyevu ukiingia inatoka nje kama unga mweupe na kusukuma rangi, na nondo zikiwa karibu zinaanza kuoza humohumo. Utapaka mara ngapi? Hilo ndilo la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba yenye ukuta unaochubuka, mchanga ulitoka wapi.

Kuhusu skimu, ule unga unaopigwa kulainisha ukuta kabla ya rangi, ndani sina neno, ile ya jipsamu inatoa ukuta laini sana. Nje ni hapana. Fundi wangu aliniambia "Bosi tupige hii hii tu, tukiziba na rangi haionekani," nikamwambia fundi hapa nje tupige simenti nyeupe au wolpati ya nje, skimu inayovumilia maji, maana jipsamu na maji haviivi chungu kimoja. Alinuna kidogo, kazi ikaendelea.

Udongo wetu mwekundu nao usiusahau. Mvua ikipiga chini inaurusha ukutani, na nyumba iliyopakwa nyeupe mpaka ardhini, ukifika mwezi wa pili inaonekana imevaa soksi. Fanya mkanda wa chini, nusu mita au zaidi kidogo, rangi iliyokolea au mawe ya kubandika au hata rafukasti, ile lipu ya kurushia yenye ukwaruzo, halafu zungushia zege au pevingi upana wa kama mita moja. Hiyo pevingi nilipewa ushauri niiache mpaka mwisho hela ikibaki, mimi nikaitanguliza kabla ya rangi, na mpaka leo ukuta wangu wa chini naupangusa kwa kitambaa tu.

Mwenye nyumba ya zamani Mikindani asome hapa, wengine rukeni. Zile kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa, kama za Boma la Wajerumani la mwaka 1895, zinapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Ukija na lipu nzito ya simenti na rangi ya mafuta juu yake umeuziba mdomo ukuta, maji yanabaki ndani na lipu inaachia vipande vipande na kuondoka na mawe. Rudishia chokaa, ukipenda rangi basi ya chokaa. Na ile milango ya kuchonga usiiuze kwa mtu wa Dar kwa bei ya baiskeli.

Grili na mageti: kwarua kutu na mabaki ya welding yote, piga redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kila kona mpaka nyuma ya kona usipoona, ndipo rangi ya mafuta. Ikiwa uko karibu na bahari weka akilini kwamba utarudia kila baada ya miaka michache, hakuna ujanja. Madirisha ya aluminiamu chukua yaliyopakwa rangi kiwandani kuliko yale ya fedha tupu, na wavu wa mbu uwe wa faiba, ule wa waya chumvi inautafuna.

Ndani sasa. Kabla fundi wa lipu hajagusa ukuta simama chumba kwa chumba na fundi umeme mkiwa na chaki, kitanda kitakaa wapi, tivii wapi, ei sii itakaa wapi na maji yake yatatokea wapi. Watu wengi wanalifikiria hili tailizi zikiwa zimeshakaa, ndio unaona bomba limepita juu ya ukuta mzuri wa sebuleni.

Tailizi za kung'aa zinauzika kwa sababu dukani hakuna mchanga. Nyumbani watoto wanatoka nje na mchanga miguuni, unakwaruza ule mng'ao, na kukiwa na maji mtu mzima anateleza. Mama mkwe wangu alipokuja mara ya kwanza alivua kandambili akatembea ameshika ukuta, akaniuliza kwa upole kama baraza nalo nitaliweka hizohizo. Baraza, jikoni na bafuni weka zenye ukwaruzo. Rangi nyeupe au krimu tupu kwa udongo wetu ni kazi ya deki asubuhi na jioni, muulize atakayeshika dekio kabla ya kuchagua. Grauti nyeupe, ile ya kujazia kati ya tailizi, hata usiifikirie.

Ukinunua, hesabu eneo lote uongeze asilimia kumi. Katoni ya 60 kwa 60 mara nyingi ina vipande vinne, mita za mraba 1.44, kwahiyo chumba cha mita 4 kwa 4 ni katoni 12, chukua 13. Angalia namba ya sheidi, yaani ukolevu wa rangi, kwenye kila katoni, zote zifanane. Jirani yangu aliagiza kwenye duka moja Kariakoo, zikaja na lori mpaka huku, kufungua nusu zina unjano na nusu hazina, na kurudisha mzigo Dar ni safari ya kilomita zaidi ya mia tano, nani atarudisha? Kama hela haitoshi, wala usijilazimishe, niru nyekundu, ile sakafu ya simenti iliyosuguliwa ikawa laini, iliyopigwa na fundi anayeijua inakaa miaka na ni baridi miguuni. Mimi chumba cha watoto na stoo ni niru.

Dari la jipsamu piga sebuleni na vyumbani, ila usubiri paa lipite mvua kubwa angalau moja. Bafuni na barazani pvc inafaa zaidi. Acha matundu ya hewa kwenye fisha, ule ubao wa ukingoni mwa paa, na uyazibe kwa wavu, la sivyo popo wanakuwa wapangaji. Makabati ya jikoni ya emdiefu, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, yanavimba na unyevu huu, chukua marini bodi, ile inayovumilia maji, hata kama utaanza na kabati moja.

Rangi za ndani usichague kwenye kadi. Nunua kopo dogo, paka kipande cha mita moja kwenye kuta mbili, kiangalie asubuhi, saa nane mchana na taa ikiwaka. Sisi tulibishana sana hapa, shemeji zangu nao wakaingia, mwisho aliyeshinda ni ukuta wenyewe, ile kijani tuliyoipenda dukani usiku ilikuwa ya hospitali. Lita moja inapaka kama mita 10 hadi 12 za mraba mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwahiyo fundi akikuandikia ndoo tatu za lita 20 kwa vyumba viwili vya kawaida muombe mpime pamoja kwa futi. Ndoo ikiisha piga picha ile namba ya rangi kwenye mfuniko.

Vitasa navyo chagua vya stenlesi, vile vya dhahabu vinabanduka na vinabaki na chunusi. Na geti likishafungwa kufuli livishie kipande cha mpira juu, mvua isiingie kwenye tundu la ufunguo.