Kijichupa cha maabara na kidonda cha mama

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana kisukari, na kidonda cha unyayoni kimekaa miezi hakifungi. Kaka yangu anasafirisha vifaa vya maabara, akapata kijichupa wanachosema kina protini ya binadamu ya kukuza ngozi. Nimekutumia picha. Ukikitazama ni kama kitupu, labda vumbi tu. Tuchanganye na maji tumpake?
Rehema, Mbagala

JIBU: Marahaba Rehema, na pole kwa kuuguza. Msimpake. Ila aliyewaambia kwamba kitu hicho hukuza ngozi hakuwadanganya, kwa hiyo nieleze.

Kwenye picha nasoma EGF, kifupi cha jina la Kiingereza epidermal growth factor. Ni protini ndogo yenye vijenzi 53 viitwavyo asidi amino, na mwili wako unaitengeneza. Hata kwenye mate imo. Aliyeigundua ni Stanley Cohen wa Marekani: vitoto vya panya alivyovidunga maji ya tezi za mate vilifumbua macho na kuota meno kabla ya wakati wake. Mwaka 1986 yeye na mwanasayansi mwenzake Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel. Hiyo mliyo nayo haikutolewa kwa mtu. Jeni ya binadamu hupandikizwa ndani ya bakteria, mara nyingi E. coli, wakazalishwa kwa wingi, kisha protini ikachujwa na kukaushwa kwa baridi.

Wala kijichupa si kitupu. Mimi kazi yangu ni kukuza seli, na wanafunzi wapya huja mbio kuniambia tumeletewa chupa tupu. Mara nyingi humo mna mikrogramu 100, yaani sehemu ya kumi ya miligramu moja, na unga wenyewe umenata kwenye kifuniko. Tunakizungusha kwanza kwenye sentrifuji, mashine inayozunguka kwa kasi ili unga ushuke chini, ndipo tufungue. Tukishayeyusha, tunaongeza kidogo protini nyingine iitwayo albumini ili EGF isinate kwenye kuta za chupa, tunagawa kidogo kidogo na kuweka kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, maana ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara inapoteza nguvu. Umeme ukikatika, cha kwanza ninachouliza ni kama jenereta limewaka. Na seli zenyewe tunazipa nanogramu 10 hivi kwa mililita, na nanogramu ni sehemu ya elfu moja ya mikrogramu. Hicho chenu kimekaa wapi kwenye joto hili la Dar?

Tena lebo inasema ni kwa utafiti tu. Maana yake hakuna aliyekipima kwa ajili ya kuingia kwenye mwili wa mgonjwa. Kinaweza kuwa na masalia ya bakteria yanayoleta homa na uvimbe. Na EGF huziamuru seli zigawanyike bila kuchagua zipi. Kukiwa na saratani mahali hapo, nayo inaweza kuchochewa.

Dawa za aina hii zipo. Kuba wanatengeneza Heberprot-P, ambayo ni EGF inayodungwa na daktari ndani na kandokando ya kidonda. Marekani iliidhinisha jeli ya becaplermin mwaka 1997, nayo ni protini ya kukuza seli ya aina nyingine. Zote mbili hutumika pamoja na matunzo ya kidonda, haziyaondoi.

Matunzo hayo ndiyo ninayotaka mama ayapate: sukari ishuke, nyama iliyokufa ikatwe, maambukizi yatibiwe, mishipa ya damu ya mguu ipimwe. Na uzito uondoke unyayoni, jambo ambalo nyumbani tunalidharau sana. Kisukari huua hisia za miguu. Mama anakwenda sokoni na kandambili, haumii, kumbe kila hatua inakichimbua kidonda upya.

Kesho asubuhi mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke na kadi yake ya kliniki, umwambie daktari kimekaa muda gani. Mguu ukianza kuwa mweusi, ukinuka, au mama akipata homa, nendeni usiku huohuo. Kaka akirudishe kijichupa alikokichukua na aseme kimekaa nje ya friza, wasije wakakitumia kwenye majaribio wakidhani bado ni kizima.