Uliza Tukujibu: Msimu mpya wa besiboli Marekani, mimi nawapa Seattle

Meseji za besiboli zimekuwa nyingi safari hii mpaka nimeamua ukurasa wote niwape nyie. Msimu wa 2026 unafunguliwa usiku wa kuamkia Machi 26 kwa saa zetu, Yankees wanaenda San Francisco kuwafuata Giants, kesho yake timu nyingi zinaingia uwanjani. Maswali mengine yanafanana kwahiyo nimeyaunganisha.

Kaka habari za kazi. Mi ni mgeni kwenye besiboli, nilianza kuangalia ile fainali ya mwaka jana Dodgers na Toronto nikanogewa mnoo. Nani unampa ubingwa mwaka huu? Ila usiniambie Dodgers, hao kila mtu anawataja. (Msomaji, Sinza)

Salama kabisa, na karibu sana, umeingia kwa mlango mzuri maana fainali kama ile hata sisi wa siku nyingi hatujaona nyingi.

Sikwambii Dodgers. Nakwambia Seattle Mariners, na naomba unisikilize vizuri maana najua wengine mtaguna. Seattle wapo tangu 1977 na katika timu zote 30 za ligi kuu wao ndio pekee ambao hawajawahi kucheza World Series, yaani fainali ya ligi, sio kushinda, kucheza tu! Mwaka 2001 walishinda mechi 116 kati ya 162, idadi ambayo hakuna timu imewahi kuipita, na bado wakatolewa kabla ya fainali. Baada ya hapo ikawa ukame, miaka 20 na zaidi bila hata kuongoza kundi lao, mpaka mwaka jana ndio wakalichukua kwa kushinda mechi 90.

Sasa angalia walivyotolewa. Nusu fainali dhidi ya Toronto, anayeshinda mechi nne kwanza anapita, mechi ya 7, Seattle wanaongoza 3-1, iningi ya 7 (iningi ni awamu ambayo kila timu inapata zamu ya kupiga, mechi ina 9), wamebakiza auti 8 tu, yaani kuwatoa wapigaji 8, waende World Series kwa mara ya kwanza katika historia yao. Toronto wana watu wawili kwenye besi ya pili na ya tatu (besi ni vituo vya kukimbilia), anakuja George Springer, anarushiwa mpira na Eduard Bazardo, anaupiga homurani, yaani mpira unavuka uzio na wote wanarudi nyumbani, pointi tatu kwa mpigo, 4-3, basi ikaishia hapo. Wakati huo mrushaji wao wa kumalizia mechi, Andrés Muñoz, amekaa tu anasubiri iningi ya mwisho. Mimi mpaka leo naona kocha alitakiwa kumwingiza pale pale, mambo ya kusema huyu ni wa iningi ya 9 hayana maana kama msimu mzima unaamuliwa iningi ya 7.

Lakini sehemu kubwa ya kikosi imerudi. Josh Naylor wamembakiza kwa mkataba wa miaka 5, Julio Rodríguez yupo, na warushaji wao wa kuanza mechi ni Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo na Luis Castillo, yaani wanne ambao kila mmoja akiwa na siku yake hupati kitu. Timu nyingi zina wawili wa kiwango hicho, zikifika kwenye mtoano mechi ya tatu na ya nne zinaanza kuungaunga, Seattle hawana shida hiyo. Mtoano wa besiboli ni mechi chache sana baada ya mechi 162, kwahiyo anayeweza kurusha vizuri siku nne mfululizo ndio anakuwa hatari. Utabiri wangu ni huo: Seattle na Dodgers fainali, Seattle bingwa kwa mechi 6.

Mzee wa besiboli, Cal Raleigh alipiga homurani 60 mwaka jana. Atarudia? (Wasomaji watatu wameuliza hili)

Hapana, na hilo halimpunguzii kitu. Raleigh wa Seattle ni mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila mpira, mamia ya kuchuchumaa na kuinuka kwa mechi moja, mipira inampiga kwenye vidole, kwenye shingo, kwenye kofia. Kabla yake mdakaji aliyepiga nyingi zaidi kwa msimu mmoja alikuwa Salvador Perez na homurani 48 mwaka 2021. Na kwa wale wanaopiga kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto, rekodi ilikuwa ya Mickey Mantle, 54, tangu 1961! Jamaa kavunja zote mbili kwa msimu mmoja tena kwa mwili uliochoka hivyo.

Mimi namwekea 45 hivi. Warushaji watamkwepa sana mwaka huu, watamrushia mipira ya nje nje aende besi ya kwanza bure kuliko kuumia, na hapo ndio nawaangalia Naylor na Rodríguez wanaokuja kupiga karibu naye, wao wakiwa moto atarushiwa vizuri. Kinara wa homurani Ligi ya Amerika (ligi kuu ina pande mbili, hiyo na Ligi ya Taifa) nampa Aaron Judge wa Yankees, mwaka jana alipiga 53 na akawa mpigaji mwenye wastani bora kuliko wote, .331, yaani alipiga vizuri kama mara 33 kwa kila 100, mtu mwenye umbo lile kuwa na vyote viwili hivyo ni kitu cha kukaa na kukiheshimu.

Naomba kuuliza, hivi Dodgers si wameshaua ligi? Wanasajili kila mtu. Mimi naona ni kama hela zinacheza zenyewe. (Msomaji, Mombasa)

Nakuelewa ndugu yangu na hasira zako zina msingi. Shohei Ohtani walimpa dola milioni 700 kwa miaka 10, halafu milioni 680 kati ya hizo anakuja kulipwa mkataba ukiisha, kwahiyo wanabaki na nafasi ya kuendelea kununua. Mwaka huu wamemchukua Kyle Tucker kwa miaka 4 dola milioni 240, na Edwin Díaz wa kumalizia mechi wamemtoa Mets ya New York. Besiboli haina kikomo cha mishahara, kuna kodi tu ukivuka kiwango, na mwenye nazo analipa kodi anaendelea na shughuli zake. Makubaliano ya wachezaji na wenye timu yanaisha Desemba 1 mwaka huu na hili ndilo litakalowagombanisha, inawezekana kabisa milango ikafungwa baada ya msimu, yaani wenye timu wakawazuia wachezaji kufanya kazi, kwahiyo huu uangalieni vizuri.

Ila kuua ligi, hapana. Mwaka jana timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote ilikuwa Milwaukee Brewers, 97, na hao sio matajiri hata kidogo. Dodgers walishinda 93. Ni kweli wakakutana kwenye mtoano na Brewers wakafagiwa 4-0 wakipata pointi moja tu kila mechi, na ile mechi ya 4 Ohtani alirusha iningi 6 bila kuruhusu pointi, akawatoa watu 10 kwa straiki (mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha, zikifika tatu ametoka), na mwenyewe akapiga homurani 3. Mechi moja hiyo, mtu mmoja! Sasa hiyo utasema ni hela? Wengi wana hela, Ohtani ni mmoja.

Na fainali yenyewe walikuwa wamekufa. Mechi ya 7 Toronto wanaongoza 4-3, iningi ya 9, zimebaki auti mbili, Miguel Rojas ambaye hata sio mtu wa homurani akasawazisha, Will Smith akaja kumaliza kazi iningi ya 11. Yoshinobu Yamamoto alirusha mechi ya 6 mipira 96 kisha kesho yake akarudi tena kumalizia mechi ya 7, kitu ambacho warushaji wa siku hizi hawafanyi.

Na hapo hapo ndio naona udhaifu wao wa mwaka huu. Mkono wa Yamamoto umefanya kazi nyingi mno mwezi wa kumi, Freddie Freeman ana miaka 36, Mookie Betts 33, na kubeba ubingwa mara tatu mfululizo hakuna aliyefanya tangu Yankees wa 1998 mpaka 2000. Watachukua kundi lao bila jasho na watafika fainali, hilo sina wasiwasi nalo, ila hapo mwisho watachoka.

Shikamoo mwandishi. Niko Toronto huku na bado roho inaniuma. Sisi mwaka huu vipi? (Msomaji, Kanada)

Marahaba, na pole sana mwanangu, pole ya kutoka moyoni kabisa. Mlikuwa auti mbili kutoka kombe ambalo mnalisubiri tangu 1993, mwisho wa iningi ya 9 mkajaza besi zote tatu na auti moja tu, na bado haikuwa. Nilikaa pale kwenye kochi asubuhi ile nikashindwa hata kunywa chai.

Timu yenu ni nzuri. Mmemleta mrushaji Dylan Cease kwa miaka 7, mmemleta Kazuma Okamoto kutoka Japani, na Vladimir Guerrero Jr. aliyepiga homurani 8 kwenye mtoano ule bado ni wenu kwa miaka mingi. Ila Bo Bichette kaenda Mets na lile ni pengo, alikuwa anaugusa mpira hata akiwa amebanwa vipi, na timu yenu mwaka jana iliishi kwa watu wa namna hiyo, wasiopigwa straiki ovyo. Kundi lenu ndilo gumu kuliko yote, nyie na Yankees mlimaliza sawa na ushindi 94, Boston wamejiimarisha kwa warushaji, Baltimore wamemchukua Pete Alonso. Mimi nawaona mnaingia kwenye mtoano kwa mlango wa nyuma, Yankees wanaongoza kundi kwa mechi mbili tatu tu. Mkikutana tena na Seattle, samahani, safari hii inakuwa zamu yao.

Haya makundi mengine je? Tupe haraka haraka. (Msomaji, Arusha)

Ligi ya Amerika kati nawapa Detroit, Tarik Skubal kachukua tuzo ya mrushaji bora miaka miwili mfululizo na sasa wamemwongezea Framber Valdez, na Skubal mkataba wake unaisha mwaka huu kwahiyo atarusha kama mtu anayejitafutia bei. Ligi ya Taifa mashariki Philadelphia, ingawa Mets wamebadilisha nusu ya kikosi na wanaweza kunishtua. Kati Chicago Cubs, usajili wa Alex Bregman naupenda sana. Magharibi Dodgers. Mrushaji bora Ligi ya Taifa tena Paul Skenes wa Pittsburgh. Wa mwisho kabisa Colorado Rockies, ila hawatapoteza 119 kama mwaka jana, ile ilikuwa imepitiliza.

Nimesikia mwaka huu kuna mashine itakuwa inamsahihisha refa. Ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli na mimi nafurahi. Refa wa nyuma ya mdakaji ataendelea kuita straiki na boli (mpira uliopita nje ya eneo la kupigwa) kama kawaida, ila kila timu inaanza mechi na nafasi mbili za kupinga. Wanaoruhusiwa kupinga ni watatu tu, mrushaji, mdakaji na mpigaji, na anatakiwa agonge kofia yake hapo hapo, hakuna kuangalia benchi wala kusubiri kocha. Kamera zinaonyesha mpira ulipita wapi, ukiwa sahihi nafasi yako inabaki, ukikosea imeondoka. Angalieni sana iningi za mwisho, timu iliyochezea nafasi zake mapema itaumia, na wadakaji wenye akili watakuwa na thamani kubwa maana wao ndio wanaona mpira vizuri kuliko wote.

Hivi sisi Waafrika tutaingia lini ligi kuu ya besiboli? Mdogo wangu anacheza Kampala. (Msomaji, Uganda)

Tulishaingia! Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa bara hili kucheza ligi kuu, Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates, na mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo aliupiga mpira wa mrushaji Jon Lester wa Cubs akafika besi.

Uganda ndio naitegemea kuliko nchi yoyote ukanda wetu. 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, na 2022 Dodgers wakasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Yupo pia David Matoma ambaye Pirates walimsajili, mkono wake una kasi ya kutisha. Mwaka huu simwoni ligi kuu, ngazi za chini ni nyingi na zinachukua miaka, ila naamini Mganda atafika kabla ya muongo huu kuisha. Mdogo wako mwambie akazanie kurusha kwa usahihi sio kasi tu. Hata Dar kuna kiwanja cha besiboli pale Azania Sekondari kilichopatikana kwa msaada wa Wajapani, na kuna vijana wanajifua.

Kaka mechi zinaanza saa ngapi kwa huku? Mke wangu analalamika. (Msomaji, Tabata)

Hahaha, mpe shemeji salamu. Mechi za usiku za New York na Boston zinaanza kama saa nane usiku kwetu, hizo ndio zinazovunja ndoa, achana nazo katikati ya wiki. Ukitaka amani angalia za mchana za Jumapili, nyingi zinaanza saa mbili na nusu usiku hivi, mnaangalia baada ya chakula na yeye akiwepo. Na za usiku za Seattle na za Dodgers kule Los Angeles zinaanza kama saa kumi na moja alfajiri, yaani unaamka, unaswali au unasali, unaweka chai, iningi kama tano unazipata kabla hujaingia barabarani. Mimi mwaka huu naangalia hizo.