Mdogo wangu unayekuja Atlanta, kuhusu kukaa mtaa wa Wamarekani weusi

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Umesema mumeo amepata nafasi ya kusoma Atlanta, mnakuja na watoto wawili, na shemeji yako aliyeko Texas amewaambia mkifika tafuteni mtaa wowote ule ila msikae kwa Wamarekani weusi, watoto wataharibika na mtaibiwa mpaka masufuria. Halafu umesikia kwa watu mimi ndo nakaa huko huko miaka yote hii, unataka nikwambie ukweli. Haya nakwambia, ila ni maneno mengi kidogo nivumilie.

Kwanza mimi mwenyewe sikuanzia huku. Nilipofika 2011 nilifikia kwa watu wa nyumbani upande wa kaskazini, tukapanga apatimenti nzuri tu, maegesho masafi, bwawa la kuogelea lipo, na nilikaa miaka mitatu sijui jina la jirani hata mmoja. Mkipishana kwenye ngazi mtu anaangalia simu. Binti yangu alikuwa peke yake darasani mwenye nywele za aina yake, wenzake wanamshika kichwa kila siku mpaka siku moja karudi nyumbani ananiambia mama na mimi nataka nywele zinazolala. Ana miaka sita! Nikaenda kwa mwalimu, akanijibu watoto ni wadadisi tu. Mimi nikikaanga dagaa, kesho yake nakuta karatasi ya onyo imebandikwa mlangoni. Nilikuwa nalia kimya kimya, maana nyumbani nikipiga simu nasema tunaendelea vizuri.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja Mmarekani mweusi tuliyekuwa tunatunza nae wazee, siku moja kwenye zamu ya usiku nikamweleza habari ya mtoto na zile nywele, akanyamaza, akasema shangazi yangu ana nyumba ya kupangisha kusini magharibi, nenda kaione. Wabongo wenzangu wote niliowauliza walisema usithubutu. Nilienda jumamosi mchana. Baba mmoja alikuwa anakata majani mbele ya nyumba yake, akazima mashine kabisa anisalimie, mbele kidogo bibi amekaa kibarazani ananipungia mkono, vijana wawili wanatengeneza gari wananiambia habari za mchana mama, yani mpaka nafika kwenye ule mlango nimeshasalimiwa na watu watano. Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu ukipita bila salamu watu wanauliza huyu kalelewa wapi. Nilisimama pale mlangoni nikahisi nimefika mahali pa watu.

Sasa hao wanaokwambia usikae huku wengi hawajawahi kulala hata usiku mmoja, wameona kwenye TV. Mimi nakaa maeneo ya Cascade, na nilikuwa sijui chochote cha hapa mpaka yule bibi wa kibarazani aliponisimulia. Desemba 1962 meya wa wakati ule, Ivan Allen, aliweka vizuizi kabisa barabarani, barabara ya Peyton na ya Harlan, ili weusi wasiendelee kununua nyumba upande wa wazungu, na yote hayo yalianza kwa sababu kuna daktari mmoja mweusi alitaka kununua nyumba pale. Watu wakauita ukuta wa Berlin wa Atlanta. Mahakama ikaukataa, ukatolewa Machi 1963. Wazungu wakauza haraka haraka wakahama, weusi wenye kazi zao wakaingia, walimu, madaktari, wachungaji, wenye biashara. Hank Aaron yule bingwa wa besiboli alikuwa na nyumba huku kusini magharibi, Andrew Young aliyekuwa bega kwa bega na Martin Luther King huku ndo kwake. Kwa hiyo mtu akikwambia mtaa wa weusi ukaona picha ya vibanda na wahuni, ujue kuna watu wazima hapa waliwekewa ukuta na bado wakajenga, na nyasi zao zinakatwa kila wiki.

Na kuna jambo jingine linaniuma tukiwadharau hawa watu. Sheria ya haki za kiraia ilipita 1964, ya kupiga kura 1965, na mwaka huo huo wa 1965 mwezi wa kumi ndo ikasainiwa sheria ya uhamiaji iliyofuta utaratibu wa zamani wa kuwapendelea watu wa Ulaya. Sisi tunaingia nchi hii kwa mlango waliousukuma wao, wengine wakapigwa na kufungwa kwa ajili yake, alafu tunafika na mabegi yetu tunaambiana usikae nao. Hapana jamani.

Malezi ya watoto ndo nilitaka nikae hapo zaidi kwa sababu ndo hofu yako. Watu wa kusini ya Marekani, hasa hawa weusi wa umri mkubwa, wana adabu zao na wanazisimamia. Mtoto haiti mtu mzima jina tupu, anatanguliza Miss au Mister, akiulizwa anajibu yes ma'am, no sir. Mwanangu aliitika "ee?" mbele ya yule bibi, akarudishwa pale pale aitike upya. Nilifurahi mpaka nikataka kulia, maana nilikuwa nahangaika na shikamoo peke yangu nyumbani na sasa nimepata msaidizi. Shuleni walimu wake wengi ni weusi, nywele anasukwa jumapili na hakuna wa kumshangaa. Jumamosi za msimu wa mpira tunaenda West End kule kwenye vyuo, Morehouse cha tangu 1867, Spelman cha wasichana cha 1881, Clark Atlanta, vyote vimepakana, anaona madada weusi wamebeba vitabu wanaongea wanacheka, na King mwenyewe alimaliza Morehouse 1948. Sasa hivi anasema yeye ni wa Spelman tu, ada nitajua mimi.

Nikwambie na habari ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ya mwisho wa mwaka. Tarehe 26 Desemba ya mwaka wa kwanza nasikia mlango unagongwa, nafungua, yule bibi kavaa kitenge, ananiambia "Habari gani!" Mimi nikajibu nzuri tu bibi, shikamoo, karibu ndani. Akatikisa kichwa. Akarudia, "Habari gani?" Nikabaki namwangalia. Akasema kwa upole, leo jibu ni Umoja. Basi akaniingiza kwake, mezani kuna kinara cha mishumaa saba, mahindi, kikombe, na chini yake katandika kimkeka cha plastiki alichonunua dukani. Akaanza kunisomea, Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani, kila siku na neno lake mpaka tarehe mosi Januari. Hii sikukuu ilianzishwa 1966 California na Maulana Karenga, maneno wakayachukua kwenye Kiswahili chetu. "Kujichagulia" alikuwa analitamka polepole kama mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe, akaniuliza nimepatia? Nikamwambia bibi umepatia. Amelisema neno hilo kwa miaka mingi na hakuwahi kumsikia mwenye lugha akimwambia amepatia. Mwaka uliofuata mama alinitumia mkeka wa ukili kutoka Tanga nikampelekea, aliunusa kwanza kabla ya kuutandika.

Mabaya sasa, maana umesema ukweli. Yapo. Duka la mboga nzuri liko mbali, karibu nawe utakuta vituo vya mafuta na vyakula vya kukaanga, na hilo sio bahati mbaya, tangu miaka ya 1930 kulikuwa na ramani ambazo mitaa ya weusi imepakwa rangi nyekundu, benki hazikopeshi huko, na pesa isipoingia mtaa kwa miongo mingi hata duka haliji. Mihogo, ndizi za kupika na mchicha nafuata mpaka Decatur kwenye lile soko kubwa la DeKalb. Bila gari utateseka. Gari langu limevunjwa kioo mara moja. Mkesha wa mwaka mpya wapo wanaopiga risasi hewani, watoto usiwaache nje. Na kuna mtaa na mtaa, unaweza kuvuka barabara moja tu hali ikabadilika, usije ukasema dada alisema kusini magharibi yote ni salama. Alafu kodi zinapanda, hasa West End tangu kile kipande cha BeltLine cha magharibi kifunguliwe 2017, ile njia ya miguu na baiskeli itakayozunguka jiji maili 22. Bibi anapata barua karibu kila wiki za watu wanaotaka kununua nyumba yake kwa pesa taslimu, anazichana.

Na sio wote watakupokea. Kuna kaka mmoja kinyozi alimuuliza mume wangu mbele ya watu, nyie si ndo mlituuza? Mume wangu akakasirika akaondoka. Mimi nilirudi nae siku nyingine nikamwambia yule kaka, kwetu Pangani watu walipitishwa pia, wengi walivushwa Zanzibar na Uarabuni, na ndiyo, walikuwepo wa kwetu walioshiriki, sikufichi, na walikuwepo waliochukuliwa vile vile. Akatukalisha tukaongea karibu saa nzima. Swali kama hilo usilikimbie. Na mwambie mumeo na vijana wako lile neno la kwenye rap linaloanza na N, ambalo huko Bongo vijana wanaitana kama salamu, huku wasilitamke kabisa, hata kama wanasikia weusi wa hapa wanaitana. Kwenye mdomo wetu linaumiza.

Kuhusu kuchagua nyumba. Dalali usimuulize hapa wanakaa watu gani, sheria ya makazi ya 1968 inamkataza kukuelekeza mtaa kwa rangi, hatakujibu. Nenda mwenyewe mchana, rudi saa nne usiku, rudi jumapili kanisa linapotoka. Angalia vibaraza, kama watu wazima wanakaa nje na maua yamemwagiliwa hapo pana wenyewe. Shule inafuata anuani, kwa hiyo ulizia shule kabla hujasaini mkataba, ingia ukaione. Kwa kuwa mumeo anasoma katikati ya jiji, tafuteni karibu na treni ya MARTA, West End, Oakland City au East Point, inafika moja kwa moja. Mkitaka Waswahili karibu kuna Clarkston, Wakongo na Warundi wamejaa na Kiswahili utakisikia dukani, Wakenya wengi wapo Marietta. Stone Mountain pia, mlima ule ndipo Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, ilipofufuliwa 1915 na leo majirani pale wengi ni weusi na Waafrika wenzetu. Wenye nyumba wakubwa watataka historia ya mkopo, yani rekodi ya mlivyokopa na kulipa huku, ambayo hamna bado, bora mwenye nyumba mtu binafsi, na hao huku wapo, wanapatikana kwa kuulizana kanisani na saluni.

Wiki mbili za kwanza mtafikia kwangu, chumba kipo, tutazunguka wote. Kwenye begi niwekeeni dagaa wakavu, wafungeni vizuri, na mikeka miwili ya ukili ile midogo. Bibi ana rafiki zake wawili kanisani wameuona wake na kila tukikutana wananiuliza wa kwao lini.