Fundi Anajibu: Taima ya roketi inayojizima wakati wa kuwasha

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejiundia bodi ya taima ya kufungulia parashuti ya roketi yangu. Ina mikrokontrola (chipu inayoendesha programu), swichi inayohisi mruko, na MOSFET (swichi ya kielektroniki) ya kupeleka umeme kwenye kiwashio cha baruti inayosukuma parashuti nje. Zote zinatumia betri moja ndogo ya volti 9. Mezani nilifunga taa ya LED badala ya kiwashio, ikawaka sekunde ya 8 kama nilivyopanga. Nikifunga kiwashio chenyewe, ikifika 8 bodi inazima na kuanza upya. Kiwashio mara kinawaka, mara hakiwaki. Programu nimeikagua mpaka macho yameuma. Na je, sekunde za kuweka nazijuaje?

JIBU: Marahaba. Programu iache kwanza. Angalia betri.

LED inavuta miliampea 10 au 20 tu. Kiwashio ni waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 1 hadi 2 hivi, na MOSFET ikifunguka kinavuta umeme wote ambao betri inaweza kuutoa. Betri hiyo nayo ina ukinzani wake wa ndani, karibu sawa na wa kiwashio, na huongezeka betri inapochoka au kupata baridi. Kwa hiyo nusu ya volteji inapotelea ndani ya betri, bodi inabakiwa na volti 4 hivi. Mikrokontrola inazimika, MOSFET inafunga, volteji inapanda tena, mikrokontrola inaamka haikumbuki chochote, inakaa kusubiri roketi iruke. Sasa hilo litokee angani: roketi iko kileleni, bodi inasubiri mruko uliokwisha kupita, na parashuti imo ndani. Inashuka kwa pua, kwa kasi yake yote, na chini kuna watu. Nimefurahi mno kwamba umeliona mezani.

Tiba ninayoiamini kuliko zote ni betri mbili, moja ya mikrokontrola na nyingine ya kiwashio, zikichangia hasi tu. Uzito ukikubana, weka diodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kati ya betri na upande wa mikrokontrola, kisha kapasita ya mikrofaradi 1000 ya kuhifadhi chaji baada ya diodi. Diodi inazuia chaji ya kapasita isirudi kwenye kiwashio. Bodi ikitumia miliampea 10, kapasita hiyo itashuka volti 1 tu kwa milisekunde 100. Programu nayo ikate umeme wa kiwashio muda huo ukiisha, maana nyaya za kiwashio kilichoungua wakati mwingine hugusana zikapiga shoti.

Kuna kitu hukukitaja, nami kinanitia hofu. Je, geti ya MOSFET (mguu unaoiamuru ifunguke au ifunge) ina rezista ya kilo-omu 10 kwenda hasi? Mikrokontrola inapoamka, pini zake kwa kitambo haziko juu wala chini, na geti isiyoshikwa inaweza kufungua umeme yenyewe mikono yako ikiwa bado kwenye roketi. Kama rezista hiyo haipo, usipakie baruti.

Katika majaribio achana na LED. Funga balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21. Ikiwa baridi, ukinzani wake haufiki omu 1, kwa hiyo inaibana betri hata kuliko kiwashio. Bodi ikiistahimili bila kuanza upya, jaribu na kiwashio halisi, nje, pasipo baruti, umevaa miwani ya kinga.

Kuhusu sekunde: usinakili namba iliyoandikwa kwenye injini. Katika injini ya C6-5, ile 5 inahesabiwa tangu msukumo unapokwisha, na C6 husukuma karibu sekunde 2. Taima yako inahesabu tangu mruko, kwa hiyo ni kama 7. Ukiweka 5, parashuti itachomoka roketi ingali inapanda kwa kasi, na kamba zinaweza kukatika. Kwa roketi yako tumia OpenRocket, programu ya bure. Itakupa muda wa kufika kileleni ukiipa uzito sahihi. Uzito huo upime baada ya kufunga betri ya pili.