Kwa nini mwili unachelewa kufika nyumbani

Ndugu zangu mlioko nyumbani, tangu mwenzetu alipofariki huku ughaibuni maswali yenu yamekuwa mawili: kwa nini mwili haujaletwa mpaka leo, na kwa nini tunapitisha mchango ilhali ubalozi upo. Baadhi yenu mmeuliza kwa upole, na baadhi mmekwisha kuamua kwamba kuna jambo tunalificha. Nitajibu bila kuzungukazunguka, kwa sababu nimekaa katika kamati za misiba ya namna hii na ninajua siku zinapopotelea.

Hazipotelei angani, kwani safari ya ndege ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Zinapotelea katika kusubiri mamlaka za nchi hii ziuachie mwili. Mtu akifia hospitalini kwa maradhi ambayo daktari wake alikuwa akiyatibu, daktari huandika sababu ya kifo na mambo husonga. Lakini akikutwa amefia chumbani peke yake, au akifa kazini, barabarani au kwa mkono wa mtu mwingine, mwili huwa mikononi mwa sheria mpaka uchunguzi ukamilike, na hapo hakuna kaka, kiongozi wa dini wala balozi anayeweza kuuondoa. Vipimo vya maabara huweza kuchukua wiki kadhaa. Ziko nchi zinazokubali mwili usafiri kwa cheti cha muda huku majibu yakisubiriwa, na ziko zisizokubali kabisa. Tunapowaambia kwamba tunasubiri, basi tunasubiri kweli. Hatuna mlango wa nyuma wa kupitia.

Lipo jambo lingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, nalo ni sahihi ya ndugu. Kampuni ya mazishi haiuchukui mwili kabla mtu anayetambuliwa na sheria kuwa ndiye wa karibu zaidi hajatia sahihi, na mara nyingi mtu huyo ni mwenzi wa ndoa, si kaka mkubwa wala baba mdogo. Hapo ndipo inapojulikana kwamba marehemu alifunga ndoa huku bila nyinyi kuambiwa, au kwamba mke mnayemtambua nyumbani hajaandikishwa popote, au kwamba yule aliyeachana naye miaka mingi bado ndiye mkewe kwa mujibu wa karatasi. Nimeona simu za matusi zikipigwa kwa mjane kutoka nyumbani, na matokeo yake yalikuwa kwamba alizima simu na mwili ukaendelea kukaa kwenye jokofu la mochwari, ambako gharama mara nyingi huhesabiwa kwa siku. Kama mna ugomvi naye, na pengine mna haki, uwekeni kando mpaka atakapotia sahihi.

Jina nalo huleta kizaazaa. Wapo wenzetu waliofanya kazi kwa hati za mtu mwingine kwa sababu hawakuwa na kibali, jambo ambalo wengi wetu tunalijua na hatulitaji. Mtu wa namna hiyo akifa, hospitali humwandika kwa jina alilojitambulisha nalo, na kabla ubalozi haujatoa karatasi yoyote ni lazima ithibitishwe kwamba aliyelala pale ndiye mwenye pasipoti iliyokutwa sandukuni mwake. Itatafutwa alama ya vidole, au rekodi ya meno, au kipimo cha vinasaba kutoka kwa ndugu wa damu. Hata kwa mtu ambaye hati zake zilikuwa safi, herufi moja iliyotofautiana kati ya cheti cha kifo na pasipoti inatosha kuirudisha shughuli nyuma. Kwa hiyo tukiwaomba picha ya cheti chake cha kuzaliwa usiku wa manane, tafadhali msituulize tunakitakia nini, kitafuteni.

Kuhusu ubalozi, niseme wazi. Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963, katika kifungu cha 37, unazitaka mamlaka za nchi zinapopata taarifa ya kifo cha raia wa kigeni ziuarifu ubalozi mdogo wa nchi yake bila kuchelewa. Mkataba huo haumtwishi balozi gharama ya jeneza wala ya ndege. Zipo serikali zinazosaidia kwa hiari yao au kupitia mfuko maalumu, lakini kazi ya kawaida ya ofisi hizo ni kuthibitisha uraia, kuifuta pasipoti ya marehemu na kugonga muhuri kwenye kibali cha kusafirisha maiti. Ofisi ikifungwa Ijumaa jioni, muhuri huo unasubiri Jumatatu.

Karatasi zenyewe si uzushi wa jana. Makubaliano ya Berlin ya mwaka 1937 yalikwisha kuweka pasi ya maiti, yaani hati ya kuuruhusu mwili uvuke mpaka, inayotaja jina, umri, mahali, tarehe na sababu ya kifo, na mwaka 1973 Baraza la Ulaya liliandaa makubaliano mengine, huko Strasbourg, yanayoeleza hata jeneza liweje. Ama liwe la mbao za nje zenye unene usiopungua milimita 20, na ndani yake jeneza la zinki lililochomelewa kwa uangalifu, ama liwe moja la mbao za milimita 30 lililotandikwa zinki ndani. Ndani huwekwa kitu cha kufyonza majimaji, na kwa safari ya ndege hutakiwa kifaa cha kusawazisha msukumo wa hewa au uhakika mwingine kwamba jeneza litastahimili. Nchi zisizo katika makubaliano hayo zina masharti yao, lakini mengi yanafanana na haya, pamoja na cheti kwamba mwili umetiwa dawa ya kuuhifadhi na kwamba hauna maambukizi ya hatari. Mbao na zinki ni vizito, na mashirika mengi ya ndege hutoza kwa uzito. Yule aliyeandika kwamba tungenunua jeneza la kawaida na kubakiza fedha kwa ajili ya mazishi hajui kwamba jeneza hilo lisingepokelewa hata kwenye mizani.

Fedha za mchango, basi, huenda kwa kampuni ya mazishi, mochwari, watafsiri wa hati, mihuri na shirika la ndege, na kampuni nyingi hazianzi kazi bila malipo ya kwanza. Mna haki kamili ya kudai risiti. Mweka hazina asiyetaka kuonyesha risiti hafai, awe ni rafiki wa marehemu au mchungaji wake. Msichoweza kudai ni kwamba kiasi kinachobaki kitumwe nyumbani kabla hesabu haijafungwa, kwa maana bili ya mwisho mara nyingi huja wakati jeneza limekwisha kuondoka.

Kuna njia nyepesi, na najua wengi hamtaki kuisikia: kumzika huku, au kuuchoma mwili na kuleta majivu. Majivu hayahitaji zinki. Mara nyingi ndugu huweza kuyabeba mwenyewe ndani ya ndege akiwa na cheti cha kuchomwa kwa maiti, mradi chombo kiwe cha aina ambayo mashine ya ukaguzi inaona kilichomo. Silazimishi. Ila ninawaomba muwaulize ndugu zenu walioko nje wangali hai wanataka nini, na kama wana bima inayolipia kurudishwa kwa mwili, kwa sababu tukiulizana wakati wa msiba kila mtu hujibu kwa niaba ya marehemu.

Kuhusu siku ya kuupokea mwili, yapo mambo ya kujiandaa nayo. Jeneza halitoki kwenye mlango wa abiria. Linasafiri kama mzigo na hutolewa upande wa mizigo, kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati ya usafirishaji, akiwa na kitambulisho chake. Nimesikia familia nzima ikisimama na maua kwenye ukumbi wa abiria huku gari la maiti likisubiri upande wa pili wa uwanja. Pia msiwaahidi watu kwamba watamwona. Zinki imechomelewa, sheria za afya za baadhi ya nchi haziruhusu ifunguliwe, na mahali inaporuhusiwa, mwili uliofanyiwa uchunguzi na kukaa kwenye jokofu kwa muda mrefu hautakuwa na sura mliyoizoea. Mmoja wenu mwenye moyo mgumu atangulie kutazama, kisha aamue kama mama wa marehemu naye atazame.

Kwa sasa tunahitaji vitu viwili kutoka kwenu: jina kamili la mtu atakayeupokea mwili, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na namba yake ya simu. Siku ya mazishi msiitangaze mpaka tuwatumie namba ya hati ya mzigo iliyotolewa na shirika la ndege.