Ile filme ya Bruce Lee, uiangalie tu

Yaya, umeuliza kama ile filme dokumentere ya Bruce Lee, Be Water ya 2020, iko inasema juu ya kifo chake tu. Hapana, kifo inakuyaka kwa mwisho, yenye inabeba filme ni namna Hollywood ilimufungia mulango. Huyu mutu alizaliwa San Francisco mu 1940, akakomalia Hong Kong, akarudia Marekani, akacheza Kato, musaidizi wa shujaa mu serie ya televizyo The Green Hornet, kisha wakawa wanamupatia tu biroli bidogo bidogo, njo akarudia Hong Kong kucheza The Big Boss mu 1971, watu wakajaza ma sale za sinema. Tarehe 20 Julai 1973 akakufa, bongo ilivimba, alikuwa na miaka 32, na filme yake Enter the Dragon ilikuwa haijatoka bado, hiyo inaniumizaka roho sana.

Kitu nilipenda kabisa: bibi yake Linda, mutoto yake Shannon na wengine wenye wanasema, unasikia sauti tu karibu filme yote, macho yako inabakia kwake. Siye huku Goma tulimujulia mu ma sale ya videyo ya kartye, kaseti zimechoka, tukajua mateke na nunchaku basi. Hakuna mwenye alituambia kama mwanafunzi wake wa kwanza kule Marekani, Jesse Glover, alikuwa mweusi, wakati mu kung fu kulikuwa wenye hawakupenda kufundisha watu wenye si Wachina. Uiangalie na batoto, yaya.